Pumba za Kuku wa Mkwe

Chekeche liligonga ukingo wa beseni, ko, ko, ko, kabla hakujapambazuka. Bibi alisita, akatega sikio mlangoni, akaendelea kuchekecha unga.

Tangu mwanawe amwache mkewe, kitu pekee kilichomleta mkwe huyo nyumbani hapo kilikuwa pumba za kulishia kuku wake. Alikuja kila alfajiri, akajaziwa kopo, wakapiga soga kidogo, akaenda zake.

Leo alichelewa. Bibi alikwenda dirishani, akarudi, akalikung'uta chekeche lililokwisha kung'utwa, akaenda tena. Hodi ilipopigwa, roho ikamtulia.

Lakini mkwe hakuligusa kopo. Aliutazama unga mweupe, kisha miguu ya bibi iliyovimba.

"Mama, kwa sukari hiyo yako daktari alikukataza unga uliochekechwa. Mimi ndiye niliyekupeleka."

"Nachekecha kidogo tu."

"Kopo zima ndilo kidogo? Yaani ujiumize wewe, kuku wangu wanenepe?"

Bibi akajifuta mikono kwenye gauni, akajifuta tena.

Mkwe akapiga magoti. Akazimwaga pumba zote juu ya unga, akachanganya kwa mikono miwili, polepole, mpaka weupe ukapotea na maganda ya mahindi yakamnata vidoleni.

"Na kuku je?"

"Wana kucha, mama. Wachakure."

Akanawa, akachukua kopo lake tupu. Bibi alimfuata hadi kizingitini, akamshika mkono, akatafuta sababu asiipate.

"Kesho uje, mwanangu," akasema. "Uje tu."