Boriti ya Katikati

"Uzito wa wanafunzi niweke wa wangapi?" mhandisi aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Arobaini na wawili," mwalimu alisema. "Wengi wana miaka tisa."

Akaandika. Ofisini walimwita Mzee wa Vifusi, kwa kuwa majengo yaliyoanguka yaliishia mezani kwake. Aliyachora upya kwenye kompyuta, akayagawa vipande vidogo vidogo kwa maelfu, kila kipande kikapimwa kinavyobeba mzigo, mpaka sababu ikajitokeza. Miaka ya mwanzo aliuliza majina ya waliofariki. Siku hizi aliuliza vipimo tu.

Mwalimu alikuja navyo vyote: urefu wa boriti, unene wa sakafu ya darasa la ghorofani, idadi ya nondo alizotajiwa na fundi. Alileta na picha. Ufa ulikata boriti katikati, na kwenye ncha zake palikuwa na alama za penseli.

"Umefanya la maana kupiga picha za ufa," mhandisi alisema. "Wengi huniletea kifusi tu."

"Napiga kila Ijumaa."

Mhandisi alikuwa anapapasa miwani yake chini ya makaratasi. "Ripoti unampelekea nani?"

"Ofisi ya elimu. Nimekwenda mara tatu. Wanasema hawana la kufanya bila hesabu za mtaalamu."

"Ndivyo walivyo. Pole, mwalimu."

"Asante."

Alisema bila sauti kupanda wala kushuka, mikono imetulia juu ya mkoba. Mhandisi aliujua ukavu ule. Wengi waliokalia kiti kile walikuwa nao.

Hesabu ziligoma mara ya kwanza.

"Ukuta huu wa kushoto unabeba sakafu?"

"Hapana, mzee. Umetenganisha vyumba tu."

Akaufuta, akarudia. Kioo kikajaa rangi: buluu pembeni, njano, kisha katikati ya boriti nyekundu tupu. Hakushtuka.

"Boriti hii haibebi hata nusu yao," alisema.

"Utaandika hivyo hivyo?"

"Nitaandika. Njoo wiki ijayo."

"Leo haiwezekani?"

Wafiwa huwa na haraka, aliwaza, ingawa haraka haimrudishi mtu. Akavuta fomu, akafungua kalamu.

"Tumalize hii kwanza. Jengo lilianguka tarehe ngapi?"

Mwalimu alimtazama kana kwamba hakumsikia vizuri.

"Halijaanguka," alisema. "Mimi nimeomba ruhusa ya asubuhi tu. Mwenzangu amebaki nao darasani."