Chupa ya Meza ya Bwana

Mchungaji Kristian alifungua chupa, akanusa, akaganda.

Mathayo, mtunza kanisa, alikuwa amesimama kando ya madhabahu. Amejua, alijiambia. Leo nimekwisha.

Kosa lilitendeka jana yake mchana. Davis, rafiki yake, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na redio kaseti kubwa pamoja na maarifa mapya: huko mjini, siku hizi za soko huria, marafiki hawanywi ilimradi wanywe. Mvinyo mwekundu unakwenda na nyama ya kuchoma, chipsi na rumba ya taratibu. Nyama ilikuwepo. Viazi vya Shume vilikuwepo. Rumba ilikuwepo. Uliokosekana ni mvinyo tu, na ufunguo wa kabati la sakristia ulikuwa mfukoni mwa Mathayo.

Basi wakanywa, wao wawili na Secilia, mchumba wa Mathayo.

"Mtamu huu! Wala hauwashi koo," alisema Secilia.

Davis akaeleza kitaalamu kwamba ni nyama ndiyo inayoulainisha. Kufikia wimbo wa tatu aliapa kwamba nyumba inazunguka.

Mathayo alipoiona chupa tupu, raha yote ilimwisha. Usharika ungemtenga, na tangazo la ndoa yake na Secilia lilikuwa lisomwe kesho yake. Akamwuza jogoo wake kwa jirani, akashuka mbio Lushoto mjini, kwenye duka lililojaa vitu vya nje, akanunua mvinyo wa Afrika Kusini. Akaumimina kwenye chupa ile ile na kuirudisha kabatini, kila kitu pale pale, maana chupa hiyo Jenoveva, mke wa mchungaji, aliiandaa mwenyewe na hakupenda mwingine aiguse.

Sasa mchungaji alikuwa bado ameishika. Huyu ndiye mchungaji asiyekaa penye pombe. Harusini kwa mdogo wake wa damu, alipoona mapipa ya pombe ya miwa, alibariki akaondoka. Alimtazama mkewe kwenye benchi la mbele. Jenoveva akatabasamu kama kawaida yake.

Mchungaji akamimina. Akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

Kikombe kikazunguka. Bibi Marta alikohoa, akakichungulia, akamtazama mchungaji, kisha akakipitisha. Tangazo la ndoa likasomwa. Secilia akainama kuficha tabasamu. Mathayo alimshukuru Mungu, tena kwa dhati.

Baada ya ibada alikwenda sakristia kuosha vyombo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jenoveva alikuwa akiugonga polepole, ili waumini wasisikie.

"Shikamoo, mama," alisema Mathayo.

"Baba Efrazia, fungua," Jenoveva alimnong'oneza mumewe mlangoni. "Miaka kumi na miwili umeweza kujizuia. Fungua, nakuomba."

Kisha akamgeukia Mathayo, machozi yakimtoka.

"Mwanangu, ile juisi yangu uliipeleka wapi?"

Ndani, chupa iligonga kikombe tena.