Ada ya Wakili

“Cherehani haichukuliwi, mama,” wakili alisema. “Hata ukitangazwa muflisi, sheria inakuachia kifaa chako cha kazi.”

Niliirudisha mapajani bahasha ya ada yake.

Mama alipiga makofi. “Alhamdulillahi! Na huyu mwanangu alivyonitisha, eti watabeba hata pasi!” Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa na ufa, pale sindano ilipompenya mwaka niliozaliwa.

Asubuhi ile, alipokuwa kliniki, nilimwuzia fundi wa mtaa wa pili ile cherehani. Nilijiambia, heri itulipie wakili kuliko iende mnadani. Mama nilimwambia nimechangiwa na wenzangu wa chuo.

“Mbona umeganda kama sanamu? Mpe mwenzio haki yake,” alisema, huku akiinuka na mkoba wake. “Mimi natangulia. Nina magauni mawili ya kupinda kabla ya jioni.”

Alikwishashika kitasa cha mlango.

“Mama,” nilisema, “nyumbani usiende kwanza.”