Kijiti cha Mstari Mmoja

"Mkojo wangu?" Mama Toyba aliuliza.

"Wa nani tena, wa jirani?" Nuria alicheka, akamsogezea kikombe cha plastiki.

Mama Toyba hakucheka. Alikitazama kile kikombe kama kitu kilichokosea nyumba, kisha akakificha chini ya shela yake na kutoka kwenda uani.

Nuria alibaki na makaa na harufu ya kahawa inayochemka, akimtikisatikisa mwanawe mgongoni ili asiamke. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, na leo alikuwa ameitwa kwa siri. Mama Toyba hakutaka kuonekana kwenye kituo cha afya, maana wanawake wa mji wa Kemise wakishakaa kwenye lile benchi la foleni, hakuna tumbo la mtu wanalolisahau. Alikuwa amemvuta Nuria pembeni sokoni, akamnong'oneza kwamba damu ya mwezi imekatika tangu kabla ya Ramadhani. Basi.

Nuria alimshika mkono palepale katikati ya magunia ya nafaka ya teff. Mama Toyba alikuwa mjane. Shemeji zake walikuwa wameikodolea macho nyumba ile tangu ilipoezekwa bati jipya, kwa pesa za Toyba, binti yake wa pekee, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wakisikia mjane wa ndugu yao ana tumbo, wangemtoa nje na godoro lake, na mtaa mzima ungesimama kutazama.

Kikombe kilirudi. Nuria alichovya kijiti cha kupimia, akakilaza juu ya kigae, akaeleza: mstari mmoja, hakuna mimba, miwili, ipo. Wangoje kidogo.

"Lakini usijitie hofu," alisema. "Huenda ni umri tu, mama Toyba. Wengine huwahi."

"Si umri."

Alilisema haraka mno. Nuria akaona bora aulize kama alivyofundishwa. Chakula je? Mabaki, Mama Toyba alijibu, yanayobaki kwenye sahani. Usingizi? Mpaka kazi ziishe, na kazi haziishi. Kutapika? Mwanzoni kulikuwepo, sasa kumekoma. Nuria aliitazama sufuria ya dengu pale jikoni, imejaa, na mama mwenyewe aliyeishi peke yake, akajiambia kwamba ujane unamkoroga mtu akili. Swali lililobaki aliliuliza akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Je, kuna mwanamume?

Mama Toyba alipepea makaa kwa muda mrefu, ingawa yalishashika.

"Mlango hauna komeo," alisema.

Nuria aliugeukia mlango. Komeo lilikuwepo, la chuma, nene kama kidole gumba. Labda lilitiwa baadaye. Hakuuliza ni shemeji yupi.

Badala yake alianza kuongea, ili kijiti kipate muda wake. Alisema damu haikatwi na mimba peke yake. Sindano ya uzazi wa mpango huikata. Tezi ya shingoni ikiharibika huikata. Mama anayenyonyesha anaweza asiione muda mrefu, yeye mwenyewe bado hajaiona tangu amzae huyu wa mgongoni. Mawazo huikata. Kazi za kuvunja mgongo bila kupumzika huikata. Njaa pia.

"Njaa?" Mama Toyba aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Njaa, ndiyo. Mwili ukiona haupewi, unaanza kubana. Cha kwanza unachofunga ni hiyo damu."

"Hata miezi mingi?"

"Hata miezi mingi. Mtu akila akashiba, akapumzika, inarudi."

Mama Toyba akamwomba arudie. Nuria alirudia, polepole, na akaona midomo ya yule mama ikifuatisha neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa anayekwenda kusikilizwa.

Kisha Nuria akainama juu ya kigae, akasogeza kijiti kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakitazama tena. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mmoja," alisema. "Mmoja tu, mama Toyba. Huna kitu. Lala usingizi wako, na hao shemeji zako wakatafute bati lao."

Alingoja kusikia Mungu akishukuriwa. Mama Toyba alikitazama kijiti kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, akamimina kahawa. Alimimina mpaka ikafurika kwenye sinia.

"Hunywi na mimi kwa furaha?" Nuria alimtania. "Au ulikuwa unataka mtoto?"

Ndipo simu ilipolia. Ilikuwa simu kuukuu, pa kuwekea sikio palishakufa, kila neno lilitoka nje kwa sauti kubwa. Kwa kawaida Mama Toyba angekimbia nayo uani. Lakini namba hii ilikuwa haipigi mara mbili. Aliipokea palepale, akampa Nuria mgongo.

"Mama, nimejifungia bafuni, wamelala mchana," sauti ya msichana ilinong'ona. "Umeniulizia?"

"Nimeuliza, Toyba wangu. Mhudumu mwenyewe kasema. Ni njaa. Njaa, na mawazo, na kazi za kuvunja mgongo. Mwili unabana tu. Ukila ukashiba, inarudi."

Upande wa pili maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ndoo. Nuria bado alikuwa ameshika kijiti.

"Mama," Toyba akasema, "njaa huwa inapiga teke?"