Andika Kiswahili, Mama

Tusekile aliwamwagia kuku uji uliobaki, akasuuza sufuria, kisha akachomeka kishikwambi cha mama mkwe wake kwenye chaji.

Hapo ndipo mkwe huyo, Mama Anord, alipokuwa akishangaa kila siku. Mwanamke mwenye roho ya kumnyima mzee kijiko cha uji, mbona chaji haisahau? Hata kalamu ikianguka, yeye ndiye wa kwanza kuinama. "Shika, mama. Andika," husema, halafu huyo, anatoka na kufunga mlango kwa nje.

Ni ujinga tu, aliamua mzee. Mkamwana hajui kidude kile kinafanya kazi gani. Anadhani ni kama ubao wa watoto wa chekechea, bibi achorechore siku ziende. Basi na asijue hivyo hivyo!

Mwaka uliopita Mama Anord alipasuliwa koo. Madaktari walitoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao, ile sauti iliyoongoza kwaya ya akina mama kanisani Igowole hadi vioo vikatetemeka. Ndipo Anord, mwanawe wa pekee, mwenye duka la simu kule Mwanjelwa, Mbeya, alipomletea kishikwambi. Kioo chake hakikuwa na mwanga wa kuumiza macho. Kilikuwa kijivu kama karatasi ya daftari, na mtu aliandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Ukiandika tu, mama, maandishi yanapanda mtandaoni yenyewe," Anord alimweleza. "Mimi nakusoma huko huko Mbeya. Hata nikikosa nafasi ya kusoma yote, natafuta neno moja, simu inaniletea kila mahali ulipoliandika. Ila andika Kiswahili. Mashine haijui Kibena."

Mama Anord alicheka bila sauti. Tangu amzae hakuwahi kumsemesha mwanawe Kiswahili, lugha ya sokoni na ofisini. Lakini alitii. Mtoto kamfikiria mama yake, nani angebisha?

Tatizo lilikuwa shamba la miti. Misindano ya marehemu mumewe ilikuwa imekomaa, na Tusekile aliitaka iuzwe, wala hakuficha. Lakini mume yule alikuwa amezikwa katikati ya miti ile ile, kwa kuomba mwenyewe. Malori yapite juu yake? Hapana, kwa kweli hapana.

Na kwa desturi ya ukoo wao, miti ya mjane haiguswi bila neno la mjane mwenyewe. Kikao kilipokaa, wazee waliuliza: huyu sasa atasemaje, naye sauti hana? Anord akasimama. "Mama ana mkono," alisema. "Msumeno hauingii shambani kwake mpaka aandike mwenyewe kwamba anakubali." Wazee walipiga makofi. Mwandiko wa Mama Anord waliujua wote, maana alikuwa katibu wa akina mama kanisani miaka na miaka. Mwenyewe alilia kwa furaha siku ile. Uchungu wa kuzaa, alijiambia, malipo yake ndiyo haya.

Anord alirudi Mbeya kwenye duka lake, akamwacha mkewe amtunze mama.

Kutunza gani kule! Kwanza ilipotea nyama, ikafuata mboga, ukafuata ugali. Blanketi zito lilienda kufuliwa na halikurudi, na baridi ya Mufindi mnaijua. Majirani walipobisha hodi waliambiwa daktari kakataza wageni.

"Andika nakubali, mama," Tusekile alimbembeleza, amechutama karibu kabisa na kitanda. "Neno moja tu. Leo leo namchinja yule jogoo."

Mama Anord aligeukia ukutani. Alipobaki peke yake, aliandika: *Anord mwanangu, nina njaa. Jana sikula. Baridi inanimaliza. Mkeo ananiua, njoo.* Kesho yake tena: *Nina njaa, mwanangu. Njoo.*

Na alijua ujumbe unafika. Kila jioni simu ya Tusekile iliita, naye alitoka nayo uani. Mzee alitega sikio kwenye upenyo wa dirisha.

"Ndiyo, mume wangu... Nimesikia... Najitahidi, usinikasirikie basi... Ndiyo."

Sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Yamemfika! Mama Anord alijifunika kanga yake nyembamba, akatabasamu gizani. Anasemwa huyo, na bado. Siku Anord akishuka Nyololo na kupanda gari la huku, mkamwana atajua kilichomtoa kanga manyoya.

Asubuhi moja ya ukungu Tusekile aliingia kuchukua kishikwambi ili akakichaji. Mara kuku wakapiga kelele uani, akatoka mbio kufukuza mwewe. Simu yake ilibaki juu ya stuli.

Simu ikatetemeka, kioo kikawaka. *Mume wangu.*

Mama Anord alijaribu kusimama, akashindwa. Alishuka kitandani akajikokota sakafuni hadi kwenye stuli, mate yakimjaa mdomoni kana kwamba anaendea chakula. Leo atamsoma mwanawe akimfukuza mwanamke huyu, neno kwa neno. Aliinua simu kwa mikono miwili, akaisogeza machoni.

*Nimetafuta "njaa", imekuja kila ukurasa. Nimetafuta "baridi", imekuja. Nimetafuta "nakubali", bado haipo. Kuanzia leo hata uji usimpe. Na kishikwambi usisahau kuchaji.*