Jumatatu ya Kombo

Jumatatu asubuhi mlango wa Shemsa uligoma. Katika mji huo milango yote ilifunguliwa na kalenda ya mtambo, kila nyumba kwa siku yake moja ya wiki, na siku yao ilikuwa Jumatatu. Katika nyumba ya chini yao, ambayo siku yake pia ilikuwa Jumatatu, mama yake, mgonjwa na peke yake, aligonga bomba la maji kwa kijiko. Shemsa akamjibu kwa mchi wa kinu.

"Umefanya nini, Kombo?" alimfokea mumewe, ambaye ndiye aliyeiandikia kalenda hiyo programu mpya.

"Nimeandika tatu. Jumatatu ni tatu, hata mtoto anajua."

"Na mtambo unahesabuje?"

"Unaanza na Jumapili. Na Jumapili kwake ni sifuri."

Shemsa akahesabu kwa vidole mpaka akaangukia Jumatano. "Basi irekebishe, mjinga wee!"

"Kalenda hurekebishwa kazini. Na kazini nitafikaje?"

Kutwa nzima bomba liligongwa. Jumanne likagongwa kidogo kidogo, halafu likanyamaza. Shemsa aliendelea kugonga kwa mchi, asijibiwe.

Jumatano asubuhi mlango ulifunguka wenyewe, na sauti tamu ikasema, "Leo ni Jumatatu. Karibuni nje."

Kombo akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Umeona? Nilisema Jumatatu, na ni Jumatatu."

Shemsa alikuwa bado ameushika mchi.