Nukta Kutoka Singe

Siku tatu nukta nyekundu haikusogea. Ilikuwa imeganda palepale, kwenye mashamba ya Singe, karibu na mji wa Babati, na Marietha hakupata usingizi wa maana.

Nukta ile kwenye simu yake ilikuwa Sele, korongo mweupe. Mwaka jana Marietha, afisa wa ndege kwenye hifadhi ya Ziwa Burunge, alimfunga kwa mikono yake mwenyewe kidude cha kutuma mawimbi ya kuonyesha alipo. Tangu hapo Sele amekwenda Ulaya na kurudi, jangwa la Sahara kalivuka mara mbili. Leo aje ashindwe Babati, mlangoni kabisa?

Saa moja asubuhi, nukta ikasogea.

"Anakuja!" alimwita mwenzake, Theophil.

Theophil alifika baada ya saa nzima, akachungulia. "Mbona anafuata barabara? Na hapa stendi ametulia nusu saa nzima."

"Katoka mbali. Mwache apumzike."

Saa nne ikaingia Coaster ya wanakwaya kutoka mjini, waliokuja kutazama ndege. Marietha aliwapeleka ukingoni, kwenye magadi makavu, akawaonyesha heroe walivyoligeuza ziwa rangi ya waridi. Mdomo ulieleza, lakini macho yalikuwa kwenye simu, kisha angani, kisha kwenye simu tena. Kila nusu saa nukta ilihama. Sasa ilikuwa getini.

Nyuma ya wanakwaya alisimama mzee mwenye koti la kanisani, aliyewaomba lifti stendi.

"Shikamoo, mzee. Sogea uone."

"Marahaba." Hakusogea. "Unamtafuta nani huko juu, mwanangu?"

"Korongo wangu. Nilidhani amekufa."

Mzee akatazama viatu vyake.

Simu ikalia. Marietha akaitazama. Nukta ilikuwa imetua palepale waliposimama.

"Kafika!" alipiga kelele. "Yuko hapa hapa, juu yetu!"

Wanakwaya wakainua nyuso wote kwa pamoja, viganja vikikinga jua. Mtu akaanza kupiga makofi. Marietha alizunguka, akazunguka tena, akiipekua mbingu nzima, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Akahisi mtu anamgusa mkono. Ni yule mzee. Alikuwa amevua kofia. Akatoa ndani ya koti kidude cheusi, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, chenye jina la hifadhi ubavuni, akakiweka taratibu kwenye kiganja cha Marietha.

"Nilipiga dawa ya viwavi kwenye mahindi yangu, mwanangu," alisema. "Sikujua kama na yeye anawala."